Bata, Hamsta na Likizo Yangu

Nafundisha sayansi katika shule moja hapa Riyadh, na muhula huu somo lilikuwa kulinganisha wanyama wawili wa porini. Nikachagua bata mwitu mdogo mwenye mstari mweupe juu ya jicho, na hamsta wa nchi ya Shamu, yule panya mnene mwenye mashavu kama vifuko. Baridi ikianza kwao kaskazini, bata huruka, akapumzika kwenye maji ya kusini mwa Riyadh, kisha akaendelea hadi ziwani Naivasha, karibu na kwetu. Hamsta haendi popote. Hujaza nafaka mashavuni, akairundika shimoni, na huishi peke yake.

"Miss, nani ana akili zaidi?" msichana mmoja aliuliza.

Nikamtetea hamsta kwa nguvu zote. Bata ni mzururaji tu, nikasema, hana hata akiba ya kesho. Nilikuwa mkali kuliko somo lilivyohitaji, na sababu naijua. Chumbani kwangu, mtaa wa Sulimaniyah, katoni zimefika dirishani: mablanketi, sufuria, seti mbili za vikombe. Miaka mitatu nimeahirisha likizo nikisema bado hazijajaa, siwezi kufika nyumbani mikono mitupu. Wakati huo macho ya mama yangu, huko Nakuru, yanazidi kufifia. Na mwisho wa kuomba likizo ya mwaka huu ulikuwa Jumapili.

Ijumaa mwalimu mwenzangu, dada wa Tanga ninayeishi naye, akanivuta twende tukawaone hao bata. Tulikaa kwenye mawe na chupa yetu ya chai. Walikuwa kama ishirini, vichwa majini, mikia juu, hawana habari na mtu.

"Shoga, hawa si ajabu wiki ijayo wako kwenu," akasema. "Na hata mkoba hawana. Wewe je?"

Nikamwambia anyamaze. Nilikasirika kweli, kama dakika mbili hivi, halafu nikaanza kucheka mwenyewe. Jua lilikuwa la upole, chai ilikolea tangawizi, na nilijisikia mwepesi. Nikajaza ombi la likizo palepale kwenye simu.

Jioni nikampigia mama. Akauliza nina mizigo mingapi, ili atafute watu wa kuja naye uwanja wa ndege kubeba. Nikamwambia begi moja tu. Nikadhani nimemvunja moyo.

"Basi sihitaji mtu," akasema. "Nitakuja peke yangu, nikuone mimi wa kwanza."