Friza Yangu Haihami

Gereji ya nyumba yetu mtaani Iftin haikuwahi kulaza gari. Niliweka friza humo, nikawa nauza barafu na maziwa ya ngamia. Kisha kaka mkubwa wa mume wangu akaanza kuhifadhi humo petroli ya pikipiki zake, mitungi ya plastiki imepangwa hadi ubavuni mwa friza.

Nilimwambia harufu imezidi.

"Abaayo, dada yangu, petroli bila harufu ni maji," akajibu, akaenda zake.

Adhuhuri moja stima ilipotea. Iliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni. Friza ilinguruma, soketi iliyokuwa chini ukutani ikatoa cheche, na moto wa buluu ukatambaa sakafuni. Mtungi mmoja ulikuwa umevuja. Nilizima swichi kuu nje, nikachota mchanga wa uani kwa karai na kuumwaga hadi moto ukafa. Namshukuru Mungu haukufika kwenye mitungi iliyojaa. Pindo la baibui yangu liliungua, na kifundo cha mguu.

Jioni familia ilikaa. Shemeji akasema, "Friza ndiyo iliyowasha moto. Itolewe."

Kwetu mke hamjibu shemeji mkubwa mbele ya wazee. Nilimjibu.

"Stima ni ya nyumba. Petroli si ya nyumba. Friza yangu haihami."

"Unanijibu mimi?"

"Nakujibu wewe, shemeji. Watoto wangu wanalala nyuma ya ukuta ule."

Mume wangu alitazama mkeka. Mama mkwe akaniambia kwa upole, "Binti yangu, omba radhi, yaishe." Sikuomba.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nilibeba mitungi mmoja mmoja hadi kwake, nikaipanga kivulini mwa ukuta wake. Majirani waliona. Yeye alitoka, akaitazama, akarudi ndani.

Nilimwita fundi wa stima. Aliipandisha soketi juu, akaniambia mvuke wa petroli hulala chini, hungoja cheche. Nikamwambia atoboe na matundu ya hewa karibu na sakafu. Mume wangu alimshikia ngazi bila kuombwa.

Shemeji hakunisalimia hadi Idi, na hata siku hiyo salamu aliwatolea watoto. Mimi niliiitikia kwa sauti kamili. Kwenye ukoo wananiita mkaidi. Naitika.