Cheti cha Ng'ombe wa Mjane

Mimi nikiona mtu anasifiwa na wakubwa, swali langu la kwanza ni moja: hapa kuna namna gani? Sijui nilizaliwa hivi au ni ualimu umeniharibu. Ukisahihisha madaftari ya darasa la nne miaka kumi na mbili, unajua majibu mazuri mengine yanatoka wapi. Kwa hiyo mume wangu, ambaye ni polisi, aliporudi na barua kwamba anaitwa Shinyanga mjini kupewa cheti cha utumishi uliotukuka mbele ya gwaride, mimi sikupiga vigelegele.

"Wewe peke yako?" nilimuuliza.

"Barua ina jina langu," alisema huku anavua viatu.

"Na wazee je?"

"Mwalimu, barua sijaandika mimi. Nimeletewa."

Ananiita Mwalimu hata tukiwa nyumbani. Jibu lake lilikuwa fupi mno, na jibu fupi mimi silipendi.

Wazee niliokuwa nawaulizia ni hawa. Kijiji chetu kiko upande wa Bulyanhulu. Miezi michache kabla ya barua hiyo, ng'ombe tisa wa mjane jirani yetu waliibwa zizini. Alfajiri ukapigwa mwano, ule ukelele wa hatari ambao kwetu Usukumani ukiusikia unauacha hata uji uungue. Wanaume wote wakatoka na fimbo na pinde, na mume wangu naye akatoka nao. Aliyewaongoza ni baba yangu mzazi, mkuu wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji. Baba anazisoma nyayo kama mimi ninavyosoma mahudhurio. Aliona kwamba maksai mmoja ana kwato iliyopasuka, akaishikilia kwato hiyo siku mbili, ikikatizwa na matairi ya bodaboda na mifugo ya watu wengine, mpaka karibu na Katoro. Huko ng'ombe wa wizi anageuka nyama ya wachimbaji ukipepesa macho tu. Waliwakuta wamefungwa nyuma ya banda, wote tisa. Mume wangu akawatia pingu wezi wawili, mjane akalia kwa furaha, tukala, tukashukuru.

Sasa, kwetu mwano hauna mwenyewe. Aliyetoka ametoka na wote. Mtu akisimama kusema "niliwarudisha mimi", amewatukana wote waliotoka, na baraza la kijiji linamtoza mbuzi na kumtenga. Wala haliangalii sura. Ndiyo maana ile barua ilinikosesha raha. Mkwe wa mkuu wa sungusungu akijitangaza kwa serikali, baba atamfanyaje? Na mimi nitakaa upande wa nani?

Basi nikaanza upelelezi wangu. Nilipekua mifuko ya sare yake, sikupata kitu. Nilimtega kwa maswali wakati wa kula, akasema alieleza kilichotokea tu. Thubutu! Kama alieleza kilichotokea, jina la baba liko wapi? Kisimani wanawake walikuwa wakiniona wananyamaza. Mjane mwenyewe, mtu wa watu, aliniuliza, "Mwalimu, shemeji aliwaambia nini huko?" Nilimjibu kwa ukali, maana swali lake ndilo lilikuwa langu.

Mume wangu alimwalika baba. Nilidhani atakataa. Baba akasema, "Nitakwenda nikasikie." Hakusema nikaone.

Uwanja ulipambwa, bendi ikapiga, askari wakapita kwa gwaride. Alitangulia kupewa cheti dada mmoja aliyeokoa watoto kwenye mto uliofurika, na huyo nilimpigia makofi kwa moyo wote. Kisha likaitwa jina la mume wangu, na msomaji akaanza:

"Miongoni mwa nyayo mamia, alitambua kwato moja iliyopasuka, akaifuata siku mbili bila kuchoka wala kukata tamaa..."

Loh! Sentensi ile niliijua. Ilikuwa yangu.

Mume wangu ana mwandiko wa kuku. Siku ile waliporudi na ng'ombe aliandika taarifa yake, akanipa niinakili vizuri. Aliwataja wote humo: baba mkwe, wazee, vijana, mmoja mmoja. Mimi nikawatoa. Nilijiambia kwamba mzee akitajwa kwenye karatasi ya polisi ana upinde mkononi, ataitwa mahakamani kila wiki, ataulizwa nani alimpiga nani. Karatasi siziamini. Kwa hiyo palipoandikwa "baba mkwe akatambua" niliweka "nikatambua". Sikumwambia. Alitia sahihi bila kusoma kwa sababu ananiamini, na mimi nikasahau kabisa. Majuma yote yale nilimpekua mtu asiye na kosa!

Baba alikuwa pembeni yangu, kofia mapajani. Alipiga makofi mara tatu, akavaa kofia yake.

Jumamosi baraza likakaa. Mume wangu akaitwa katikati, akaulizwa kama maneno yale ni yake. Mwandiko wangu anaujua, na maneno yangu anayajua. Alikuwa ameshaelewa tangu uwanjani. Akasema, "Sahihi ni yangu. Kosa ni langu."

Nilisimama. Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema. Nikawaeleza kila kitu: niliandika mimi, niliwatoa mimi, yeye hakujua.

Baba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Uliogopa polisi watatufanya nini?"

Nikasema nilihofia watawasumbua.

"Polisi si huyu mumeo?"

Nikajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Unalala naye nyumba moja, hukumwamini," alisema taratibu. "Sisi tuko hapa hapa, hukutuuliza." Kisha akakata shauri. Mume wangu hana kosa. Mimi nitoe mbuzi, na mwezi mzima mtu yeyote wa kijiji asinisalimie wala asiitikie salamu yangu. Mzee mmoja akauliza, hata wa nyumbani kwa mkuu? Baba akasema, "Hata mimi."

Nilidhani anasema kwa ajili ya watu tu. Asubuhi yake nilikutana naye kwenye njia ya shule, anaswaga ndama. Nikaweka mkoba chini, nikapiga magoti njiani, nikamwamkia kwa Kisukuma kama alivyonifundisha mwenyewe.

"Mwangaluka, baba."

Alisimama. Akamshika ndama shingoni, akamzungusha pembeni asinikanyage, akaendelea na njia yake.