Gari Lililokosa Pumzi

Kaka yangu Kasonia hazungumzi, anagomba. Ukimsalimu asubuhi atakuuliza kama huoni kwamba ana kazi. Watu wa Kimemi, mtaa wetu wa Butembo, wanasema gereji yake unaijua kwa sauti kabla hujaona hata tairi. Wao wamemzoea. Mimi Rébecca, mdogo wake, sijamzoea, maana nami nina hasira zangu, na msimu huu wa mvua zilizidi zake.

Mama yetu, Anne-Marie, anaishi Mbau, kaskazini ya Beni, na amekataa kuhama. Vita vimemfukuza huko zaidi ya mara moja, na kila mara amerudi kwenye mihogo na kakao yake kana kwamba alikwenda sokoni tu. Safari hii alivimba miguu mpaka magotini, na daktari wa Beni akataka alazwe bila kuchelewa. Lakini barabara ya Mbau haipitwi ovyo. Magari huenda kwa msafara, askari mbele, askari nyuma, na msafara haumsubiri mtu. Gari likiishiwa nguvu mlimani wenzake wanalipita, nalo linabaki msituni na wote waliomo. Nani aliamua kwamba mgonjwa akiachwa nyuma ni shauri lake? Ningependa kukutana naye, anieleze uso kwa uso.

Dereva aliyekubali kumfuata mama alikuwa mmoja tu, Phinées, tunayesali naye, mwenye gari kuukuu la mazuti, yaani dizeli. Na gari lenyewe lilikuwa limeanza kugoma. Wiki iliyotangulia msafara ulikuwa umeliacha kwenye kilima, likikohoa peke yake, na Phinées alifika Beni kwa bahati tu. Mafundi wawili wa huko walilishika. Wote wawili walizungusha skrubu ya pampu ili injini inywe mazuti zaidi. Kwetu watu huamini kwamba gari lisilotoa moshi halina nguvu! Moshi ukawa mweusi zaidi, nguvu zikapungua zaidi, ndipo Phinées akaja Butembo.

Alipoingia Kimemi, mama muuza maandazi alifunika beseni lake kwa mikono yote miwili.

"Phinées!" Kasonia alianza hata kabla injini haijazimwa. "Unaniletea motoka ao tanuri?"

"Yaya," Phinées alijibu, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "haina nguvu. Ku mulima inapanda sawa muzee. Bamécanicien ba Beni banasema pompe ilichoka, donc baliongeza mazout."

"Baliongeza! Mutu anakosa pumuzi, we unamuongezea bugali mu kinywa?"

Akainama nyuma ya gari. "Moshi ya bluu, motoka inakula mafuta ya kulainisha moteur. Nyeupe, mazout inapita bila kuwaka, ao maji iliingia. Nyeusi, mazout ni mingi, hewa ni kidogo. Hii ni nyeusi sawa sufuria ya mama yangu. Tufuate hewa."

Akaweka kiganja karibu na mdomo wa bomba la moshi. Pumzi zilikuja sawasawa, bila kuruka hata moja, basi injini ilikuwa nzima. Akalifungua bomba pale linapoungana na injini, akakanyaga mafuta. Kelele ilitutoa machozi, lakini nguvu hazikuongezeka na moshi ulikuwa uleule. Bomba halikuziba. Ndipo akafungua sanduku la chujio la hewa, na mori ukampanda.

Chujio lilikuwa limevikwa nguo. Madereva wengi wa barabara hii hufanya hivyo, soksi au kitambaa chepesi, ili vumbi lisiingie. Mafundi wa Beni waliiona, wakaisifu, wakafunika. Ila hii ilikuwa nguo nzito ya safu mbili, imeshonwa kwa kubana, na vumbi la kiangazi lilikuwa limekutana na mvua humo likawa udongo wa kufyatulia tofali. Gari lilikuwa linavuta hewa kupitia ukuta.

"Nani alifanya hii?" Kasonia aliinyanyua juu, gereji nzima ione. "Nani?"

Phinées alitazama viatu vyake.

"Huyu ni muuaji! Alitaka mama yangu aachwe mu pori! Mukono yenye ilishona hii, ikauke!"

Kwetu mtu haulaani mkono wa mwenzake kwa mchezo, na mama wa maandazi alifanya ishara ya msalaba.

Kasonia alinitupia ile nguo miguuni. "Fua hii. Nitapangusia mikono."

Mimi ni dobi wake? Nilitaka kumrudishia usoni. Lakini beseni lilikuwa pale, na mikono yangu ilihitaji kitu cha kukamua kuliko shingo yake. Nikafua. Yeye akawasha gari, na sauti ilikuwa nyingine kabisa. Moshi ulipungua, ila alipokanyaga bado ulitoka mweusi, kwa sababu ya ile skrubu iliyozungushwa Beni. Akairudisha pampu kidogo kidogo, akisikiliza na kutukana, mpaka bomba likatoa ukungu mwembamba tu. Alilipandisha kilima cha nyuma ya gereji na kurudi karibu acheke.

Mimi nilikuwa sichekei kitu. Maji ya tatu yalikuwa yametoa udongo, na chini yake lilitokea ua la njano juu ya kijani. Kitenge hicho nilimnunulia mama mimi mwenyewe. Nikatazama mishono: midogo midogo, na mwishoni imekatizwa msalaba, kama nilivyofundishwa na aliyeishona.

"Yaya," nilisema. "Angalia."

Aliangalia. Akaangalia tena.

"Alinishonea kisha Pasaka," Phinées alisema polepole. "Alisema vumbi inakula motoka sawa vile inakula kifua ya batu. Aliniomba nisiitoe."

"Juu ya nini haukusema?" Kasonia alitaka sababu.

"Ulishalaani, yaya. Ningesema nini?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Kasonia alikaa juu ya tairi, na mimi nikamgombeza yote: ulimi wake, miaka yote ya ulimi wake. Lakini kweli hasira yangu haikuwa yake. Nilimkasirikia kila mwenye bunduki na kila mwenye cheo katika nchi hii, kwa kumwacha mwanamke aliyevimba miguu akae mlangoni kushonea gari shati, kwa sababu kwenye ile barabara hakuna mwingine anayekinga chochote.

Kasonia alikwenda Mbau mwenyewe, kando ya Phinées. Mimi niliwangojea Mavivi, kabla ya kuingia Beni, nikiwa nimesimama kando ya barabara. Msafara ulipotokea, gari la Phinées lilikuwa katikati ya wenzake, halina moshi.

Phinées ndiye aliyenisimulia baadaye. Kasonia alipiga magoti hata kabla ya kusalimu, akasema, "Mama, mukono yenye nililaani ni ya kwako." Mama akamnyooshea ule wa kulia. "Shika basi. Angalia kama ilikauka." Kisha akauliza nguo ya gari iko wapi. Kasonia, asiyejua kueleza bila kupiga kelele, alimweleza taratibu kwamba gari nalo linahitaji kupumua. Mama akaitikia kwa kichwa, akatoa nyingine kwenye mfuko wake. Alikuwa ameishona mapema, kama ile ya kwanza ingechanika.

Gari liliposimama mbele yangu Mavivi, Kasonia alikuwa ameifunga nguo hiyo mpya puani na mdomoni. Mvua ilikuwa haijanyesha siku mbili, na vumbi la msafara lilimjaa mpaka kwenye kope. Nilingoja anitukane kwa kusimama njiani. Alifungua mlango wa nyuma, mkono wa kulia wa mama ukiwa ndani ya wake, na hakuuachia.

"Rébecca," alisema, "mushike mama ku ule mukono ingine."