Kumfukuza Kazi Mtaliano, Nizwa Hadi Sur

Niliondoka Nizwa kwa sababu ya aibu tupu: kumfukuza kazi Mtaliano, kocha wetu. Kamati ya timu yetu ya mpira ilinipa barua, mimi mkalimani niliyeokota Kitaliano Mogadishu, ati nimkabidhi kabla ya mechi ya Sur. "Umwambie kwa adabu," akaniusia mwenyekiti. "Yule mgeni wetu."

Asubuhi, tulipoipita Firq garini, kocha mwenyewe, Mister Renzo, alinihesabia kwa vidole vilabu vilivyomtimua kwao. Alianzia ligi ya juu, akawa anashuka kila mwaka, mpaka cha mwisho kikampa mechi mbili tu. "Hapa nimetulia," akasema. "Mke wangu na binti zangu wanafika Alkhamisi." Yarabi! Roho iliniuma, na barua ninayo mfukoni.

Adhuhuri tukashukia Ibra kwa shangazi yangu Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja. Nikampa shikamoo, nikamnong'oneza shida yangu.

"Marahaba. Habari mbaya haisemwi mpaka mgeni amalize kahawa."

Sawa. Lakini huku kwetu mgeni akitosheka huitikisa finjani, asipoitikisa, humiminiwa. Mtaliano hakujua. Akanywa, akarudisha, akamiminiwa, akanywa. Finjani ya tisa nikafungua mdomo.

"We! Mtu anakunywa nawe unamfukuza? Huna haya!" shangazi akanikemea.

Na kumfundisha kutikisa ndiyo aibu zaidi, mwenye nyumba ataonekana bakhili. Basi nikala tende.

Alasiri tukaingia Sur, mechi inaanza. Mister alisimama kando ya uwanja mikono ikimtetemeka kwa kahawa, akipayuka mbio mbio hata mimi nikashindwa kutafsiri. Nikawaambia wachezaji, "Anasema mkimbie." Wakakimbia, wallahi. Tukafungwa manne.

Mwenyekiti, aliyekuja kutazama, akaghadhibika, akasema atamfukuza mwenyewe. Wenyeji wakatukaribisha sote: halua, tende, kahawa. Mwenyekiti akakohoa, akangoja. Akakohoa tena. Mister alipofika finjani ya kumi na nne, ikaadhiniwa Magharibi. Akainuka kwenda msikitini, uso umemshuka. "Basi, tutazungumza siku nyingine."

Wakati wa kurudi Mister alikaa mkono kifuani. Mimi nilikuwa nimejifunza kwamba ukarimu wetu una nguvu kuliko kamati yoyote.

"Ndugu yangu," akaniuliza, "hawa watu hawachoki kumimina? Hakuna namna ya kuwazuia?"

Nikawafikiria wale binti zake.

"Hakuna, Mister. Wewe kunywa tu. Hasa ukiitwa na mwenyekiti."