Vigelegele vya Kiti cha Adhabu

Enzi zetu, sisi watoto wa maghorofa ya Riverdale Park, huku ughaibuni, tulikuwa na mchezaji wetu wenyewe wa hoki ya barafu. Mfaransa mzima, analala basement kwetu! Najua mnakumbuka. Msijifanye mmesahau eti kwa sababu siku hizi mna mortgage.

Kwa wenye kumbukumbu fupi, wacha niwakumbushe. Gaspard alizaliwa Ufaransa, mji wa milimani, lakini wazazi wake ni watu wa Bukavu. Alikuja huku kucheza beki kwenye timu ndogo, zile zinazokulipa kwa kukuonea huruma. Mama yake akampigia simu Mama Furaha wa kanisani kwetu, Mama Furaha akamwambia mama yangu, na mama yangu, ametoka zamu ya kuhudumia wazee Landover, amechoka hadi kope, akasema, "Mtoto wa mtu hawezi kuhangaika na sisi tuko. Mwende binti yangu, toa vitu vyako basement." Basi. Mimi nani aniulize?

Alikuwa mrefu, anainama kupita chini ya mabomba, pua imepinda kama barabara ya kijijini. Na ule mfuko wake wa vifaa, jamani! Harufu ya soksi zilizochemshwa na siki. Mama aliutupa nje kwenye theluji akasema hata mwizi akiubeba ataurejesha mwenyewe na kuomba msamaha. Jioni Gaspard anapanda ngazi, anafunua sufuria. "Mama, bukari iko?" Sisi tunacheka hadi tunaanguka, mtu mzima anaita ugali bukari. Anakula na sukuma, anakula na samaki, siku moja hata na siagi.

Jumamosi ilikuwa ya parking. Mnakumbuka ile parking ya nyuma, penye jalala? Fimbo zetu zilikuwa mipini ya fagio, na cha kupiga ni kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka. Tunacheza mpaka masikio yanauma kwa baridi. Gaspard anasimama katikati, anapiga kelele, "Usiangalie kile kifuniko! Angalia kifua ya mutu! Mukono inadanganya, kifua hapana!" Mimi mpaka leo nikibargain na mtu wa kuuza magari naangalia kifua. Watoto wa leo wanacheza hoki kwenye sofa, vidole viwili tu ndivyo vinatoka jasho, halafu wanasema wamechoka.

Halafu ile siku ya mechi. Vani ya kanisa, heater imekufa, tumejaa mpaka mtu anapumulia kofia ya mwenzake, tunaenda upande wa Manassas kumwona Gaspard akicheza nyumbani. Kina mama wamebeba chapati na leso, zile kanga zao za kujifunga. Walipofika walitandaza leso kwenye viti, mstari mzima, kama wanavyoshikia watu nafasi harusini. Wazungu wanatuangalia. Sisi watoto tunataka ardhi itumeze.

Mechi ikaanza. Kuna jamaa akamgonga golikipa wetu, kitoto chembamba cha watu. Gaspard akamfuata yule jamaa akambandika ukutani. Refa akapuliza filimbi, akamtoa, akamkalisha peke yake kwenye kile kibanda cha vioo. Mashabiki wa wageni wakaanza kuzomea. Sasa mama yangu anaona nini? Anaona mtu ametolewa katikati ya wenzake, akafunguliwa mlango, akapewa kiti chake peke yake mbele ya ukumbi mzima. Kanisani kwetu si mnajua anayekalishwa hivyo ni nani? Mgeni wa heshima! Na mgeni wa heshima akikalishwa anafanyiwa nini?

"Aririririiii!"

Mama alisimama. Mama Furaha akadakia. Wote wakasimama, leso zinapepea, vigelegele vimejaa ukumbi. Wenye kuzomea wakageuka kutushangaa. Gaspard mle ndani ya vioo akajifunika uso kwa glavu, mabega yanatikisika kwa kicheko. Na kwa vile alikuwa beki mkorofi, alikalishwa tena, na tena, na kila mara kina mama walimpokea kama bwana harusi. Njiani kurudi alimweleza mama vizuri kabisa, "Mama, ile haiko kiti ya heshima. Ile ni ya punition, ya azabu." Mama akajibu, "Aha, sawa." Mechi iliyofuata akapiga vigelegele vilevile. Sisi tukasema, mama huyu ni mbishi, hafundishiki.

Msimu ulipokwisha timu haikumhitaji tena. Asubuhi ya kuondoka mama alimfungia chapati kwenye foil akamwambia, "Siku ukirudi kucheza hapa, utatukuta tumekaa palepale. Sote." Na sisi wote tuliokuwa pale mlangoni tukaitikia, "Sote!" Nilikusikieni kwa masikio yangu haya.

Tangu hapo mimi nimemfuata. Denmark, Slovakia, kurudi Ufaransa, Kazakhstan, Uingereza, timu inavunjika, anahama, goti linavunjika, anahama. College mimi niliiona kupitia dirisha la basi, lakini Kifaransa nilijifundisha kwa simu, jikoni, ili nisome waandishi wao wanasema nini juu yake. Na walikuwa wanasema upuuzi! Eti beki wa kawaida. Eti mzururaji. Nilikuwa nawajibu, kwa Kifaransa kibovu, mpaka nikafungiwa. Mzururaji ni nani? Mtu ambaye kila golikipa aliyecheza nyuma yake alilala bila maumivu?

Sasa mwaka huu. Gaspard anamalizia na timu ndogo ya state nyingine, na mechi yake ya mwisho kabisa inaangukia hapa, ukumbi uleule, Jumamosi mchana. Akamtumia mama meseji moja: "Mama, minakuya. Mutakuwa pale?"

Niliwapigia wote. Wiki nzima. Mmoja ana brunch. Mwingine eti "nitajaribu", na Mkenya akisema nitajaribu hata viatu hatafuti. Wengine mlinitumia vidole gumba na mioyo, rangi zote. Muli, ndugu yangu wa kunifuata mimi kabisa, aliyejifunza kutembea kwa kushikilia fimbo ya Gaspard, ananijibu, "I'll catch the highlights, sis." Highlights! Za beki!

Tulienda watatu: mimi, mama na mkongojo wake, Mama Furaha na mguu wake wa kisukari. Na mama alikuwa amebeba leso. Zote. Akazitandaza mstari mzima, kiti kwa kiti, anazilainisha kwa kiganja. "Hapa Muli. Hapa wale mapacha wa ghorofa ya juu." Niliangalia pembeni nisiseme neno baya mbele ya wazee.

Mwishoni mwa mechi, jamaa wa timu ya hapa akamgonga golikipa wa kina Gaspard. Gaspard, ndevu nyeupe, akaenda polepole kama fundi anayejua kazi yake, akambandika ukutani. Filimbi. Kibanda cha vioo. Safari hii yeye ndiye mgeni, kwa hivyo ukumbi mzima unamzomea. Mama akaanza kuinuka.

"Mama, keti, goti lako. Ile ni adhabu."

"Mwende, unadhani mimi ni mjinga? Si alinieleza zamani kwenye gari?"

"Sasa mbona ulikuwa unaendelea?"

"Mtoto wa mtu anazomewa na watu asiowajua. Mama yake yuko ng'ambo. Nikinyamaza na mimi?"

Akajaribu. Sauti ikatoka hewa tupu, kifua kimezeeka. Basi nikasimama mimi nikapiga, nikapiga mpaka koo likawaka. Gaspard akainua kichwa. Akajifunika uso kwa glavu. Mabega yakatikisika, na sikujua kama ni kicheko.

Baada ya mechi alipanda mpaka mstari wetu, jasho linamtiririka, akamkumbatia mama. Halafu akaziangalia leso, moja moja, mpaka mwisho.

"Wengine biko wapi?"

Mama yangu, ambaye hajawahi kudanganya hata immigration, alimtazama usoni akasema, "Wanatafuta parking."

"Basi tungoje," akasema Gaspard. Akakaa pembeni ya leso ya Muli. Tukangoja, mpaka ile mashine inayopita uwanjani baada ya mechi ikamaliza kulainisha barafu.

Zamani tulikuwa na vani moja isiyo na heater, na tulifika wote. Leo kila mmoja wenu ana gari lake lenye viti vya kupasha moto makalio. Na parking, jamani, ilikuwa tupu.