Fundi Kalaba Anaomba Kuokolewa Riwayani

Kalaba, fundi cherehani wa mtaa wa Katuba, hakuwa mtu wa vitabu. Lakini Léonie, dada wa mkewe, alipoanza kuandika riwaya na kuwasomea ndugu kila Jumapili baada ya misa, Kalaba akajikuta ndani yake. Fundi mnene, kipara, anayecheka kabla hajamaliza kichekesho chake: nani mwingine? Na fundi huyo, jamani, alikuwa mwizi! Sura ya mwisho aliyoisikia ilimwacha ndani ya shimo, anakaribia kufa.

Kosa lenyewe? Miaka kumi na mmoja iliyopita, siku ya kujitambulisha ukweni, Kalaba alipitia jikoni akala firigisi ya kuku. Kwa Wakasai, kabila la wakwe zake, firigisi ni ya baba mwenye nyumba, haiguswi! Ilipokosekana kwenye sahani ya Papa Ézéchiel, mkwewe, Kalaba alimsingizia Doudou, kaka wa mchumba wake. Léonie aliona yote dirishani, akanyamaza. Waandishi hao, wanaweka akiba.

"Shemeki," Kalaba alimbembeleza, "ule fundi asikufe mu shimo. Katuba yote batasoma! Umuokoe kidogo."

"Atubu kwanza," Léonie akajibu.

Basi akaanza wema wa kutisha. Akamshonea Léonie magauni mawili bila kuombwa, yote yakambana. Akamvusha bibi kizee barabara, na bibi mwenyewe alikuwa hataki kuvuka. Kila mara aligeuka kuona kama Léonie anaandika. Wapi!

Jumapili akapiga magoti mbele ya Papa Ézéchiel, akakiri, akalia kwa kelele, kisha akafungua jicho moja. "Shemeki, umeandika?"

Mzee alicheka hadi akakohoa, akamsamehe. Léonie akafunga daftari. "Hakuna msomaji ataamini. Tena uliyemuchafulia jina ni nani? Ni papa?"

Kalaba alikwenda kwa Doudou, akamkuta anapiga pasi. Akaeleza, safari hii kwa kigugumizi.

"Nilijua ni weye," Doudou akasema, pasi haikusimama. "Ningesema, ndoa ya dada ingeharibika. Njo maana nikanyamaza. Hata siku ya ndoa yangu, baliweka mama mukubwa pembeni ya chungu anilinde nisiibe nyama. Bibi yangu mupya anaangalia."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo Kalaba alipoumia. Alitafuta kichekesho, hakukipata. Aibu ikamjaa kifuani, akalia bila sauti, kamasi hadi kidevuni. Doudou akamtazama, akampa shati alilokwisha kulipiga pasi ajipanguse.

Léonie akatokea mlangoni anahema, kalamu mkononi. "Muendelee, muendelee! Hii sasa njo sura yenyewe! Namuokoa leo leo!"

"Hapana, shemeki," Kalaba akasema. "Hii usiandike. Ule fundi, umuache tu akufe."