Siku Nilipomshusha Mama Paani

Iko siku moja ambayo bado ninaiona kama ya jana, mwanangu, ingawa sasa mimi mwenyewe nimevuka miaka sitini. Ilikuwa Jumatano, jua kali baada ya mvua ya asubuhi. Nilikuwa nimesimama katikati ya vibanda vya wakimbizi kule Lac Vert, kwenye barabara ya Sake, na viatu vyangu vya shule na mkoba begani, nikipiga kelele mbele ya watu. Niliyekuwa nampigia kelele ni mama yangu mzazi. Alikuwa juu ya paa.

Ngoja nikueleze tulifikaje hapo, maana ukisikia hilo tu utafikiri mama alikuwa amerukwa na akili. Ndivyo nilivyofikiri mimi pia.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu wa darasa la tatu. Tulikaa Katoyi, mtaa wa mjini Goma, mimi na mume wangu na mtoto wetu wa kwanza, Aline, katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Vita vilipowaka kule Masisi, watu wa vilima vyetu waliteremka Goma kwa miguu, na mama akateremka nao. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alitembea siku nne, na alipofika mlangoni kwangu alikuwa na vitu viwili tu, sufuria na panga. Hakulia. Aliomba maji, akanywa, kisha akauliza, "Mutoto iko wapi, nimuone?"

Nilimpokea kwa furaha, usifikiri vingine. Nilimnunulia godoro, na kitenge kipya, na kiti cha mbao chenye mgongo, nikakiweka kwenye baraza. Nikamwambia, "Mama, umeteseka ya kutosha. Sasa kazi yako ni kukaa." Akishika bidon kwenda kuchota maji, naichukua. Akitaka kusonga bugali, namwambia jikoni kuna moshi. Hata kumfunga Aline mgongoni nilimkataza, nikisema mtoto amekuwa mzito. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Tena nikuambie ukweli wote, sikuwa namfikiria yeye peke yake. Niliogopa majirani waseme kwamba mwalimu Espérance anamtumikisha mama yake.

Baada ya wiki chache mama akaanza kutoka asubuhi tukiwa kazini. Alisema anaenda Lac Vert kuwaona watu wa kwetu, maana wengi walikuwa wamepewa nafasi ya kujenga vibanda huko. Nikaona ni vizuri, apate wa kuongea nao. Ni mwendo wa saa nzima na zaidi kwa miguu, lakini hilo sikulifikiria. Mpaka siku hiyo ya Jumatano, wakati wa mapumziko, mwalimu mwenzangu mmoja akaniuliza huku akicheka, "Espérance, kumbe mama yako ni fundi wa nyumba? Kule Lac Vert kila mutu anamujua!"

Masomo yalipoisha sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja, na ndipo nikamkuta. Amefunga kitenge katikati ya miguu kama suruali, yuko peku, amekaa juu ya miti ya kibanda, anakaza bashi, lile turubai la plastiki wanalopewa wakimbizi. Anakaza kwa kamba za migomba, meno yakisaidia mikono. Chini wanawake wanne wameshika miti. Na kwetu vilimani, mwanangu, mwanamke hapandi juu ya nyumba. Wazee walikuwa wanasema analeta bahati mbaya. Sasa huyu alikuwa mwanamke, tena mjane, tena mwenye mvi.

"Mama! Shuka! Shuka sasa hivi!"

Aligeuza kichwa, akatabasamu. "Eh, Espe! Umefika. Ngoja nimalize, inabakia upande mumoja."

"Watu wanakuangalia! Unataka waseme nini? Kwamba sina chakula cha kukupa? Kwamba uzee umekuharibu akili?"

Nilisema hivyo. Mbele ya wanawake wa rika lake, wengine waliokuwa wamenibeba nikiwa mtoto. Mwenye kibanda alikuwa Mama Perpetua, rafiki wa mama tangu ujana wao, mjane kama yeye, mwembamba, mwenye kifua cha kukohoa. Aliniambia kwa upole, "Mwalimu, mama yako hasumbui mutu. Ananijengea."

"Si utafute mwanaume akujengee?"

"Wanaume?" akasema. "Ba kwangu balibaki kule juu, kwa vilima. Hawatakuja tena."

Hata hilo halikunizuia. Nikaanza kulia, machozi ya kweli, mbele ya kila mtu. Sauti yangu haikumshusha mama, machozi ndiyo yaliyomshusha. Aliteremka taratibu akitafuta pa kuweka mguu, akafuta mikono, akamwambia Perpetua, "Nitarudia kesho." Nami nikajibu kwa sauti, ili wote wasikie, "Harudi."

Nyumbani nilichukua panga lake, nikalifungia ndani ya valizi, sanduku langu la nguo. Nikamwambia akirudi kule atakuwa ametuaibisha, mimi na mume wangu. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale. Akasema polepole, "Mama Aline, miye sijaona aibu yoyote." Sikumsikiliza. Mama akasema, "Iko nyumba yako, Espe." Akaenda barazani, akakaa.

Alikaa wiki tatu. Nilikuwa nimezoea kumsikia akiimba nyimbo za kanisa asubuhi, zikakoma. Akawa anaacha nusu ya chakula kwenye sahani. Siku moja akamwita Aline kwa jina la dada yangu aliyekufa zamani, na baadaye akaanza kuniomba nimshike mkono ili asimame, nimshike mkono ili aende msalani. Nikamhurumia sana. Nikawa nawaambia watu, "Ndio uzee huo, unakuja bila kupiga hodi." Nilimpeleka hata kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimpima, akasema damu nzuri, moyo mzuri.

"Mama, muchana unafanyaka nini?" muuguzi akamuuliza.

Mama akaninyooshea kidole. "Uliza huyu."

Muuguzi alicheka, akidhani ni mzaha. Mimi nikacheka pia. Ninapokumbuka kile kicheko, mpaka leo, natamani ningekirudisha kooni.

Alhamisi ya wiki hiyo ya tatu ikanyesha mvua kubwa yenye upepo. Mama alikuwa ameinuka kitini bila kushikwa na mtu, amesimama mlangoni, anaangalia upande wa Sake. "Ule upande hawakuufunga," alisema. Sikujua anaongea habari gani. Au nilijua, ila sikutaka kujua.

Jumapili iliyofuata, tukiwa tumetoka misa, mwanamke mmoja wa Lac Vert aliingia uani kwetu na habari. Upepo ulikuwa umeingia kwenye kibanda cha Mama Perpetua kupitia upande ule uliobaki wazi, ukaibeba bashi yote. Majirani walikuwa na vibanda vyao vya kushikilia. Perpetua alinyeshewa kwa saa nyingi, kifua kikambana, na siku ya tatu akafa. Walikuwa wanamzika mchana huo.

Mama hakupiga kelele. Aliingia ndani, akavaa, akatoka. Yule niliyekuwa namshika mkono kwenda msalani alitembea mbele yangu mpaka Lac Vert bila kupumzika, na mimi nyuma nikihema.

Baada ya mazishi watu walipoanza kutawanyika, alikaa juu ya jiwe la lava, akanionyesha jingine nikae. Nilijua sasa atasema. Wanawake wengine walisogea mbali kidogo, kwa adabu.

"Espe," alisema, "sisemi weye ndiye ulimuua. Mvua ndiyo ilimuua, na hii vita. Lakini ule upande mumoja, miye ndiye nilijua namna ya kuufunga. Na miye nilikuwa kwa kiti yako."

Nikalia. Aliniacha nilie mpaka nimalize.

"Baba yako alikufa uko na miaka mine. Nyumba ilikuwa inavuja. Nilienda kwa wanaume ba kilima, na kila mumoja alikuwa na kitu anataka kwangu kwanza, mbele ya kupanda paa. Basi nikapanda miye mwenyewe. Batu balisema. Balisema mpaka bakachoka. Weye ulilala pakavu, ukasoma, ukapata diplome. Hii mikono unaionea haya, ndiyo ilikufunika."

Nilikuwa nimekua chini ya lile paa na sikuwahi hata siku moja kuuliza nani aliliweka.

"Mutu anapumuzika akichoka," akaendelea. "Weye hukuniuliza kama nimechoka. Uliangalia mvi, ukajibu weye mwenyewe."

"Nifanye nini sasa, mama?"

Aliinuka, akakung'uta kitenge. "Kesho ukitoka masomo, kuja. Vibanda viko vingi. Utabeba miti."

Nikaenda, mwanangu. Nilimrudishia panga lake asubuhi hiyo, wala hakusema asante, na hakuwa na sababu ya kusema. Mchana nilibeba miti ya mikaratusi kichwani, nikiipitisha kati ya watu wale wale walionisikia nikipiga kelele, na baadhi yao walikuwa wazazi wa wanafunzi wangu. Mama alinifundisha kwamba kwenye lava huchimbi shimo, utavunja jembe bure. Unasimamisha mti, unauzungushia mawe, unachomeka madogo kati ya makubwa mpaka mti ukatae kutikisika kabisa. Alikuwa anautikisa kila mmoja kwa bega lake. Ukicheza kidogo tu, anasema, "Toa, anza tena." Walikuwa wanawake sita wenye mvi wakati ule, baadaye wakawa kumi na zaidi. Wajane walianza kuwaita wao kabla ya kuita fundi mwanaume, kwa sababu wao hawakuwa na kitu wanataka mbele ya kupanda.

Na ule ugonjwa wake wa kutoweza kusimama, sikuuona tena.

Vita vilirudi mara nyingi, wewe unajua. Kila viliporudi, watu waliteremka, na mama alishika panga. Alijenga Lac Vert, akajenga Munigi. Alipofika miaka sabini na kitu, siku moja alitia mguu kwenye mti, akautoa. Akasema, "Leo magoti imekataa." Kuanzia hapo alisimama chini akiamuru kwa fimbo, na ole wako ukifunga kamba ovyo. Lakini sikia vizuri jambo hili: siku ya kuacha kupanda aliichagua yeye. Alikufa na miaka themanini na mmoja, na watu waliokuja kumzika walijaza barabara, wengine siwajui hata leo.

Sasa ni zamu yangu. Nilipoacha kufundisha, nilijiandikisha kwenye atelie ya ushonaji, katikati ya wasichana wa miaka kumi na minane. Walicheka, na mimi nikacheka nao, maana sketi yangu ya kwanza ilikuwa na upande mmoja mrefu kama kanzu ya padri. Siku hizi nashona sare za shule. Wanangu waliniambia, "Mama, pumzika." Nikawakalisha wote, nikawasimulia habari za Mama Perpetua, kama ninavyokusimulia wewe. Magoti yananiuma, sikufichi. Macho yanataka miwani mbili. Uzee upo, mwanangu, si uongo wa watu. Lakini mwenye uzee wake ndiye anayejua umefika wapi, na sisi wengine kazi yetu ni kumuuliza.

Basi nisikie. Ukiwa na mama, au shangazi, au mama mkwe mwenye mvi nyumbani kwako, usimnyang'anye kazi mikononi ukaita hiyo heshima. Muulize amechoka au hajachoka, na akikujibu, mwamini. Usimwambie mbele za watu neno ambalo hutaweza kumwomba radhi faraghani, kwa maana mimi nilimwomba mama radhi akanisamehe, lakini Perpetua sikumwahi. Na kama anajua kitu ambacho wewe hukijui, kaa karibu naye ujifunze, hata kama majirani wanachungulia. Wewe pia, dada uliyeketi hapo pembeni unasikiliza, unayekaribia sitini na tayari wameanza kukusemea, jibu mwenyewe kabla hawajajibu kwa niaba yako.

Mungu akukinge na vita, mwanangu, vitulie siku moja ulale bila kusikiliza milio. Akuzeeshe taratibu, mwili na akili vikienda pamoja. Na wale utakaowazaa, awape masikio ya kukuuliza na subira ya kungoja jibu lako.